Josina Machel na Wenzake Ishirini na Wanne

Ukitaja vita vya msituni vya kupigania uhuru wa Kenya huku Meru, utajibiwa kwa majina ya wanaume: Musa Mwariama, aliyetoka mafichoni uhuru ulipofika Desemba 1963, na Baimungi M'Marete, aliyeuawa na vikosi vya Kenya huru mwaka 1965. Embu nako hali si tofauti. Wanawake waliovusha chakula na risasi usiku, wengine wakafungwa gereza la Kamiti, wengine wakachimbishwa handaki refu kando ya msitu wa Mlima Kenya, hutajwa kwa jumla: akina mama.

Msumbiji wana jina. Josina Muthemba alizaliwa Vilanculos mwaka 1945. Mwaka 1964, akiwa mwanafunzi, alitoroka na wenzake kwenda kujiunga na Frelimo, harakati ya kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno, wakakamatwa Victoria Falls na kurudishwa kwa polisi wa Kireno. Alipoachiwa hakukaa sana. Alitoroka tena, safari hii akafika Dar es Salaam akiwa na miaka 20. Hapo alifanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wa harakati, chini ya mkurugenzi wake, Janet Mondlane. Alipewa nafasi ya kusoma Uswisi akaikataa. Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wanawake 25 walioingia mafunzo ya kijeshi Nachingwea, kusini mwa Tanzania.

Wapo wazee wa harakati waliopinga wazo la mwanamke kubeba bunduki. Lakini bunduki ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yao. Kikosi cha wanawake hao kilibeba mizigo ya silaha kwa miguu na kulinda maeneo yaliyokombolewa. Pia kilizunguka vijijini kikieleza sababu ya vita, kikafundisha na kulea yatima. Josina aliyachukulia mafunzo ya watoto kama shughuli ya kivita kamili. Huko Tunduru alisaidia kukijenga kituo cha elimu cha Frelimo, na hapo hapo, Mei 1969, akafunga ndoa na Samora Machel. Mwaka huo huo alikabidhiwa idara ya masuala ya jamii na akajifungua mtoto wa kiume.

Mwaka uliofuata aliugua. Badala ya kupumzika alirudi Niassa na Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kukagua vituo vya watoto, mwendo wa wiki nyingi kwa miguu. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25, akazikwa Kinondoni.

Tarehe hiyo ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, na shule ya sekondari ya Maputo ambayo Wareno waliiita kwa jina la mtawala wao Salazar sasa inaitwa Josina Machel. Tusijidanganye, kuolewa na Samora, rais wa baadaye wa Msumbiji, kulisaidia jina lake kudumu. Wale 24 walioingia Nachingwea pamoja naye, wengi wao hawajulikani nje ya nchi yao, kama walivyo wachimba handaki wa Embu.