Kesi ya Fisi Maji

Ufugaji wa samaki katika nchi hii una mizizi mkoani kwetu. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya kufuga perege Korogwe, mwendo wa kama kilomita mia moja kutoka Nguvumali ninakoishi, na mengine Malya, upande wa Mwanza. Wazo lilikuwa zuri: watu walio mbali na bahari na maziwa wapate kitoweo nyuma ya nyumba. Likapendwa. Kufikia 1968 nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000. Tatizo ni kwamba mengi yalikuwa hayatoi kitu.

Sababu zinazotajwa mara nyingi hazina mvuto wa hadithi: usimamizi mbovu, utaalamu usiofaa, ukame, miundombinu duni, na mabwawa madogo mno, mengine mita za mraba 20 tu, yaani ukubwa wa sebule. Lakini kaa na mtu aliyewahi kufuga samaki Muheza au Korogwe, umuulize samaki wake walikwenda wapi. Hatakutajia usimamizi. Atakutajia fisi maji.

Jina lenyewe ni hukumu. Mnyama huyu hana undugu wa karibu na fisi. Yuko katika ukoo mmoja na nyegere. Ila Kiswahili kimempa jina la mlafi wa ngano zetu, na mwenye jina hilo akionekana karibu na samaki, nani atasubiri ushahidi? Tanzania ina aina mbili za fisi maji. Mwenye madoa shingoni anapenda maji maangavu, hasa ya maziwa, na chakula chake kikuu ni samaki wadogo, wengi wao chini ya sentimita 20. Yule mkubwa, asiye na kucha, huingiza vidole chini ya mawe na kupapasa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Anachotafuta zaidi ni kaa. Samaki atamla akimpata kwa urahisi, na hakuna samaki rahisi kuliko aliyefungiwa kwenye dimbwi la maji machache.

Kwa hiyo sisemi fisi maji ni malaika. Nasema kesi yake inategemea maji yenyewe ni ya namna gani.

Chukua Ziwa Victoria. Wavuvi wa huko wana lalamiko la siku nyingi: fisi maji huchana nyavu na kula samaki walionaswa. Ni kweli hufanya hivyo, na mara nyingine hunasa humo humo akafa maji. Lakini angalia historia ya samaki wenyewe. Nyavu za makila zilizoletwa kutoka Ulaya ziliingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka ya 1927 na 1928, Michael Graham alifanya utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hilo, kwa sababu ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alikuwa anapungua. Graham alielekeza kidole kwenye nyavu. Akashauri matundu yasipungue inchi 5. Kanuni ikawekwa, na katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikaiondoa.

Miaka hiyo hiyo ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, sangara akapandikizwa ziwani. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi, hawana thamani. Bora waliwe na samaki mkubwa, naye aliwe na watu. Karibu mwaka 1970 furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Katika miaka ya 1980 sangara alilijaza ziwa, na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka. Mlaji mkubwa kuliko wote aliyeingia Ziwa Victoria hakuwa na manyoya, na hakuja kwa miguu yake. Aliletwa na watu wenye vyeo.

Kisha ikaja sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na wavuvi waliomwaga dawa ya kuulia wadudu majini ili samaki waelee. Viwanda vya minofu vikayumba, na walioumia wengi hawakuwahi kushika chupa ya dawa.

Sumu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mtoto wa mama yangu mdogo alichimba bwawa Muheza kwa mkopo wa kikoba, karibu na kijito kinachoingia mto Zigi. Mwezi wa nne tangu aweke vifaranga, akaanza kukuta magamba na mifupa ukingoni. Alinipigia simu.

"Dada, marejesho ni kila Jumamosi, na fisi maji anakula marejesho yangu. Nimepata dawa. Nitaipaka kwenye utumbo wa kuku, nitege kando ya maji."

Nikamuuliza kijito kile kinakwenda wapi.

"Zigi."

"Na Zigi?"

Alinyamaza. Kila mtu wa huku anajua. Zigi inaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko yanakotoka maji ya bomba ya jiji la Tanga. Ninayopikia chai Nguvumali yamepita karibu na shamba lake.

Wikiendi nilikwenda. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za vidole vitano visivyo na alama za kucha, na kinyesi kilichojaa vipande vya magamba ya kaa. Huyo ni fisi maji, sawa. Lakini upande wa pili kulikuwa na alama za kucha ndefu na mburuzo wa mkia: kenge. Na juu ya waya, mchana kweupe, alikaa mdiria. Washukiwa watatu, na dawa ile ingeua pia mbwa wa jirani, na labda mtoto anayechunga mbuzi.

Uingereza walishaipitia njia hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 fisi maji wa huko walikaribia kutoweka, na chanzo kikuu kilikuwa dawa za kilimo kama dieldrin zilizotiririka mitoni. Dawa zikapigwa marufuku, mnyama akalindwa kisheria mwaka 1978, na kufikia 2011 alikuwa amerudi katika kila kaunti ya England. Aliporudi, wenye mabwawa ya kuvulia kwa ndoano, ambako samaki mmoja mkubwa anaweza kugharimu maelfu ya pauni, walilia sana. Jibu kuu likawa uzio: waya mgumu wenye matundu madogo, unaozikwa ardhini na kukunjwa nje, ili mchimbaji akwame.

Tuliuiga kwa kipato chetu. Wavu wa kuku, nguzo za mianzi, sehemu ya chini imefukiwa kina cha mkono hadi kiwiko, na matawi ya miiba juu yake. Gharama ilimuuma, na ilibidi aombe kikoba kimsogezee marejesho. Magamba ukingoni yamekoma. Mdiria bado anachukua chake.

Uzio unafaa kwa bwawa, kwa sababu bwawa lina mwenyewe na lina ukingo. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 hulizungushii waya. Huko anayepaswa kuzuiwa ni mvuvi mwenye tundu dogo la wavu, na kumzuia jirani ni kugumu kuliko kumlaani mnyama. Leo vijana wanahimizwa tena kuchimba mabwawa, kama mwaka 1949, kama 1967. Kama na wewe umo, unapoandika hesabu ya vifaranga na chakula, andika na bei ya uzio hapo hapo, kabla hujakopa. Ukiuacha nje ya hesabu, siku magamba yatakapoonekana ukingoni utakuwa huna fedha ya waya, na chupa ya sumu dukani ni rahisi sana.