Moto Hauna Subira

Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, moto uliteketeza Soko Kuu la Bujumbura. Ziwa Tanganyika li karibu. Lakini ziwa halizimi moto pasipo magari, mipira na watu waliofunzwa. Ilibidi helikopta zitoke Rwanda kuja kusaidia. Tarehe 7 Desemba 2021 likaungua gereza la Gitega. Serikali ilitangaza vifo 38.

Habari hizi zastahili makumbusho, hata hapo Gasenyi, si kwa kulaumu, bali kila kuruta ajifunze. Wahenga walinena: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nasi twaongeza: mkono kwa mkono ndipo uzimikapo.