Mtoto wa Gundi Hakuzaliwa Barabarani

  Leo tunazungumza juu ya sinema na madawa ya kulevya. Huenda ukauliza, muuguzi na sinema wapi na wapi? Nisikilize kidogo.

Sinema za afya si jambo geni kwetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanganyika, zilitengenezwa sinema fupi za kufundisha watu juu ya magonjwa na ukulima. Zilipakiwa kwenye lori zikaonyeshwa mahali pengi, hata hapa Kenya. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini walioamua la kusemwa walikuwa wakoloni. Mtazamaji aliambiwa fanya hivi, usifanye vile.

Miaka mingi baadaye, Ujerumani, watu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1978 kilitoka kitabu cha msichana wa Berlin aliyeanza kutumia heroini akiwa na miaka 13. Mwaka 1981 kikatengenezwa filamu iitwayo Christiane F. Mwelekezi, Uli Edel, alichagua msichana wa umri uleule, ambaye hakuwa mwigizaji maarufu. Sehemu nyingine zilipigwa palepale kwenye kituo cha treni ambapo vijana hao walikuwa wakikutana. Watazamaji waliona sindano, matapishi na mwili unaotetemeka ukikosa dawa. Hakuna kilichopambwa.

Hata hivyo, baadhi ya vijana walitoka pale wakiiga nywele na mavazi ya yule msichana. Na kuna jambo lililoachwa nje. Ndani ya kitabu, msichana anaeleza baba aliyekuwa akimpiga tangu utotoni. Mama yake naye anasema jinsi alivyokuwa kazini kutwa nzima asitambue yanayompata bintiye. Katika filamu, nyumba ile karibu haionekani. Tunaonyeshwa kituo cha treni, lakini hatuonyeshwi njia iliyomfikisha mtoto pale.

Sasa turudi kwetu. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Mwaka 2001 shirika la FilmAid lilianza kuonyesha sinema pale, usiku, kwa skrini kubwa uwanjani, watu wakiketi chini pamoja. Baadaye vijana wa kambini wenyewe walifundishwa kushika kamera na kusimulia maisha yao. Na sinema za mafunzo zilifuatwa na mazungumzo. Hapo ndipo faida ilipo, kwa sababu mama aliyeona aibu kuuliza juu ya mwanawe aliweza kuuliza juu ya mtoto wa kwenye sinema.

Mwaka 2013 ilitoka filamu nyingine, Tough Bond, iliyowafuata vijana wa mitaani hapa Kenya wanaonusa gundi. Gundi tunaijua. Hata Lodwar utaona mtoto na chupa ya plastiki mdomoni. Tunamwita chokoraa na kupita. Lakini mtoto huyo ana mama, au alikuwa naye. Wengine ni ukame uliomaliza mifugo, wengine ni kifo, wengine ni pombe au fimbo nyumbani. Gundi ya viatu ni bei nafuu. Mvuke wake huingia mapafuni na kufika kwenye ubongo mara moja, na kwa muda mfupi mtoto hasikii njaa, baridi wala woga. Anaivuta ili apitishe usiku. Baadaye huharibu ubongo, ini, figo na mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo, vijana wetu wakitengeneza filamu ya kweli juu ya madawa, isianze na chupa. Ianze nyumbani, siku ile mtoto alipoondoka, na imwonyeshe pia mtu aliyemwita arudi. Nawe mama, ukialikwa kuitazama, nenda na kijana wako. Ikiisha, mwulize, "Wewe ungefanya nini?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Kumbuka mambo haya:

1. Dalili za gundi ni harufu kali kwenye nguo, vidonda au mabaki ya gundi mdomoni, macho mekundu, mafua yasiyoisha, kukosa hamu ya chakula na kusema kwa ulevi.

2. Ukimkuta ametoka kuvuta, usimkimbize wala kumchapa. Moyo wake unaweza kusimama ghafla akishtuka au akikimbia. Zungumza naye polepole, umpeleke mahali penye hewa safi.

3. Akizimia, mlaze kwa ubavu, mwangalie kama anapumua, na apelekwe hospitalini haraka.

4. Akitaka kuacha, mlete kituo cha afya. Hatuiti polisi. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya NACADA, 1192.

5. Mpe chakula kwanza. Maswali yatafuata.

Mama, leo jioni ukipita sokoni na kumwona mtoto na chupa yake, mwulize jina lake. Pengine ni muda mrefu hajasikia mtu mzima akilitaja bila kumfokea.