Ukumbusho na Makumbusho: Sauti ya Mchoraji katika Historia ya Maonyesho ya Lubumbashi

Mtafiti anayefuatilia mazungumzo ya wasanii katika makumbusho ya miji yetu huenda akadhani kuwa desturi hiyo imeletwa na mabienale ya miaka ya karibuni. Mji wa Lubumbashi unatulazimu kufikiri vingine. Kati ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, alimpelekea mwanaanthropolojia Johannes Fabian michoro iliyosimulia historia ya Zaire tangu kale hadi siku zake. Kwanza aliisimulia, mchoro baada ya mchoro, kisha wakajadiliana. Hapakuwa na ukumbi wala hadhira, ila kinasa sauti tu. Lugha ilikuwa Kiswahili cha Shaba, kikichanganyika na Kifaransa. Michoro 101 ilichapishwa mwaka 1996 pamoja na masimulizi hayo, yakiwa yamefasiriwa kwa Kiingereza.

Kabla ya hapo michoro ya aina hiyo haikuwa mali ya makumbusho. Ilichorwa mara nyingi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, ikauzwa kwa wafanyakazi na makarani wa miji ya migodi, ikatundikwa sebuleni. Mwaka 1976 Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walionyesha kuwa wenyeji walikuwa na istilahi yao wenyewe ya kuielezea: ukumbusho. Mchoro wa enzi ya Wabelgiji, wenye askari na mfungwa anayechapwa, ulikuwa ukumbusho kwa sababu ulimfanya mwenye nyumba na mgeni wake wazungumze. Hapa mofolojia ina la kutufundisha. Kukumbuka ni tendo la mtu peke yake. Kukumbusha kunahitaji mwenzake. Kiswahili cha Afrika Mashariki kimetoa jina makumbusho kutoka shina hilohilo, lakini kwa matumizi ya kila siku jina hilo limebaki na jengo, likapoteza mazungumzo. (Ni ajabu kidogo kwamba sebule ya mfanyakazi wa mgodi ililitimiza neno hilo vizuri zaidi kuliko kumbi nyingi zenye vioo na walinzi.)

Michoro ilisafiri. Mfululizo wa Tshibumba uliingia katika mkusanyo wa Tropenmuseum huko Amsterdam, na mwaka 1999 makumbusho ya sanaa ya Afrika mjini New York yalifanya maonyesho kuhusu Patrice Lumumba katika sanaa ya mijini ya Kongo. Mchoraji mwenyewe hakuyashuhudia: habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtazamaji wa ng'ambo alikutana na tafsiri, ilhali Kiswahili cha masimulizi kilibaki katika kanda hadi Fabian alipokiandika na kukiweka kwenye intaneti. Bila kazi hiyo tungekuwa na picha bubu.

Mjini Lubumbashi kwenyewe neno lilirudi katika jengo. Mradi wa kumbukumbu za mji, ulioanzishwa mwaka 2000 kwa ushirikiano na chuo kikuu cha huko, ulileta katika makumbusho ya taifa ya mji huo maonyesho yaliyoitwa Ukumbusho. Mwaka 2008 Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha Picha, jumuiya iliyozaa Bienale ya Lubumbashi. Jina nalo ni la Kiswahili. Baloji, katika mfululizo wake uitwao Mémoire, alibandika watu wa picha za kikoloni mbele ya magofu ya kampuni ya migodi Gécamines. Sebule imekwenda, swali la ukumbusho lipo.

Lakini jina la Kiswahili juu ya mlango halitoshi. Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Mazungumzo ya msanii yanapofanyika kwa Kifaransa pekee, yule ambaye babake alinunua ukumbusho sokoni huwa mgeni katika historia yake. Wapo watakaojibu kwamba Kiswahili kiingizwe, ila kwanza kisanifishwe. Sikubaliani nao. Anayesema batu na bitu, na anayetumia iko pale ambapo sisi tungesema ni, hajakosea; ametia sahihi ya mahali na wakati. Kumsahihisha katika nakala ya rekodi ni sawa na kuipaka upya rangi michoro ya Tshibumba.

Kwa washauri wa sera, basi, jambo la kudai ni dogo na gharama yake si kubwa: kila mazungumzo ya msanii yanayofanyika katika makumbusho ya umma yarekodiwe kwa lugha aliyoichagua msanii, yaandikwe neno kwa neno, na nakala hiyo ipewe namba ileile ya usajili iliyopewa kazi yenyewe, ili kazi ikiazimwa au ikihamishwa, maneno yaende nayo.