SEHEMU YA 6: Daktari aliyeaminiwa na dunia nzima

Kina mama na kina baba wa vichanga, leo historia kidogo, ya Marekani.

Mwaka 1946 daktari wa watoto, Benjamin Spock, alitoa kitabu cha malezi. Hadi anafariki 1998, kilikuwa kimeuzwa nakala kama milioni 50! Sasa, kuanzia miaka ya 1950 kikawa kinashauri mtoto alazwe kifudifudi. Sababu? Akitapika akiwa chali atapaliwa.

Inaingia akilini kabisa. Ila ilikuwa hoja ya kichwani tu, haikutoka kwenye kuhesabu watoto. Tena mwili unafanya kinyume: mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo akicheua maziwa yanarudi chini. Akilala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inakuwa chini.

Spock hakuwa mtu mbaya jamani. Alipenda watoto kweli. Lakini wazazi walimwamini kwa sababu ya jina, na madaktari na manesi wakarudia bila kuuliza: nani amehesabu?

Waliohesabu walikuwepo. Mwaka 2005 watafiti walikusanya tafiti zote za zamani wakaona kwamba kufikia 1970 ushahidi wa hatari ya kifudifudi ulishatosha. Kampeni ya kulaza chali ilianza 1991 Uingereza, na 1994 Marekani. Vifo vya ghafla usingizini vikashuka kwa karibu nusu au zaidi ndani ya miaka michache. Watafiti hao walikadiria kwamba kwa Uingereza peke yake watoto zaidi ya 10,000 wangeweza kuokolewa.

Ndiyo maana mimi sikubali ile ya "kila mtu na imani yake" linapokuja suala la kichanga. Imani ni yako, anayelazwa ni mwingine.

Mama mkwe atakwambia, "Mbona ninyi tuliwalaza hivyo na mmekua?" Usimjibu kwa ukali. Mweleze taratibu kwamba waliokua ndio tunaowaona, wale wengine hawapo kusimulia. Kisha mlaze mtoto chali, usiku na mchana, godoro lisilobonyea, bila mto wala blanketi zito usoni.

Maswali wekeni hapo chini. Niko zamu ya usiku, nitajibu asubuhi.