Mtawanyiko wa Compton wa fotoni nyingi
Mtawanyiko wa Compton wa fotoni nyingi ni tukio la kifizikia ambamo elektroni iendayo kasi hufyonza fotoni kadhaa za leza kali kwa mkupuo mmoja, kisha hutoa fotoni moja yenye nishati kubwa.

Katika mtawanyiko wa kawaida, uliofafanuliwa na Mmarekani Arthur Compton mwaka 1923, elektroni hugongana na fotoni moja tu. Hali hubadilika pale leza yenye urefu wa wimbi wa takribani mikromita 1 inapofikia ukali wa wati 10¹⁸ hivi kwa sentimita mraba. Elektroni hutikiswa hadi kukaribia kasi ya mwanga, uga wa sumaku wa wimbi nao huanza kuisukuma, na mwanga unaotawanywa huwa pia na marudio yaliyo mara mbili, mara tatu au zaidi ya yale ya msingi. Leza ikikabili elektroni ana kwa ana, mwanga wa infraredi waweza kugeuka eksirei au miali ya gamma.

Jaribio mashuhuri ni E-144, lililofanyika katika maabara ya SLAC, California, kwa elektroni zenye nishati ya GeV 46.6. Mwaka 1996 watafiti waliripoti elektroni zilizofyonza hadi fotoni 4. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa miali ya gamma iliyopatikana, ikigongana tena na leza, huzaa jozi za elektroni na positroni.

Mbinu ya kugonganisha leza na elektroni hutumika pia kutengeneza vyanzo vidogo vya eksirei.