Sungura wa Pembe na Sanduku la Bi Harusi: Safari ya Netsuke, kutoka Japani hadi Matogoro



Mmezoea kutusoma tukizungumzia udi, hina na sanduku la bi harusi. Leo pia ni habari ya sanduku, ila hili tumelifungulia nchi kavu, mbali na bahari yetu: Matogoro, pembeni mwa mji wa Songea, mkoani Ruvuma.

Tulikwenda kwa harusi. Mdogo wetu wa Unguja alikuwa anaolewa huko, nasi tukamsindikiza. Usiku wa hina alitoa simu akatuonyesha picha aliyotumiwa na shangazi yake anayeishi London. Ilikuwa sungura mdogo, hazidi kidole gumba, amejikunja miguu tumboni kama aliyelala. Kachongwa kwa pembe ya ndovu, kazi ya Kijapani ya zamani. Shangazi amekusanya vitu hivi kwa miaka mingi, na huyu alitaka kumpa mwari wake awe hidaya ya harusi.

"Dada zangu," akatuuliza, "nipokee au nisipokee?"

Hatukuwa na jibu la kumpa usiku ule. Tulimwahidi kutafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Pindo la kanga la Wajapani

Vichongo hivyo huitwa netsuke. Vingi vina urefu wa sentimita 3 hadi 5, na havikuanza kama mapambo. Vilianza kwa sababu kimono haina mifuko.

Sisi tunalijua tatizo hilo. Bibi zetu walifunga pesa kwenye pindo la kanga, wakapiga fundo na kulichomeka kiunoni. Wanawake wa Japani walitia vidogo vyao ndani ya mikono mipana ya kimono. Wanaume walining'iniza mshipini mfuko wa tumbaku au kisanduku cha mhuri na dawa kiitwacho inro. Kamba ya kile kitu ilipitishwa nyuma ya mshipi ikatokea juu, na juu yake ikafungwa netsuke ili isichoropoke. Kazi ya netsuke, basi, ilikuwa ile ya fundo la pindo letu: kuzuia mali isianguke.

Zama zake kubwa zilikuwa za watawala wa Tokugawa, kati ya mwaka 1603 na 1868. Wafanyabiashara wa miji kama Osaka na Edo, ambayo leo ni Tokyo, walikuwa na pesa, lakini sheria za mavazi ziliwakataza kujionyesha kwa hariri na dhahabu kama wakubwa. Wakajifunza kuonyesha uwezo wao kwa kitu kidogo kiunoni. Mafundi nao wakashindana: panya, samaki, karanga za miti, uyoga, wazee wanaocheka, majini wa hadithi. Kufikia mwaka 1781 kilichapishwa Osaka kitabu kilichoorodhesha wachongaji zaidi ya 50 kwa majina yao.

Msidhani zote zilikuwa za pembe ya ndovu. Kazi nyingi zinazosifiwa zaidi ni za mti mgumu wa rangi ya asali. Nyingine ni za pembe ya paa, mwanzi, mpingo na hata kokwa. Pembe ya ndovu ilikuwa ghali na iliagizwa kutoka nje, kwa hiyo haikutupwa hata kipande. Mafundi waliochonga risha kubwa za kupigia kinanda cha Kijapani cha nyuzi 3 walibakiwa na vipande vya pembetatu, na baadhi ya vipande hivyo vikageuzwa netsuke. Ndiyo maana utaona netsuke za zamani zenye umbo la pembetatu. Fundi alifuata alichonacho.

Kutoka mshipini hadi kabati la kioo

Baada ya mwaka 1868 Japani iliufungulia mlango mtindo wa Ulaya. Wanaume wakaanza kuvaa suruali na koti, na koti lina mifuko. Sigara ikachukua nafasi ya mfuko wa tumbaku. Netsuke zikakosa kazi, na wageni wakazinunua kwa shauku. Nyingi zilihamia Paris, London na Marekani, nje ya nchi iliyozichonga.

Kisa kimoja kinawahusu hasa maharusi. Tajiri wa Paris, Charles Ephrussi, alinunua netsuke 264 katika miaka ya 1870. Binamu yake Viktor alipooa Vienna mwaka 1899, akampelekea zote ziwe zawadi ya harusi. Bi harusi, Emmy, aliziweka katika chumba chake cha kuvalia, na watoto walizichezea wakati mama yao akivaa. Mwaka 1938 Wanazi waliingia na kuipora nyumba, kwa kuwa familia ilikuwa ya Kiyahudi. Mtumishi wao aitwaye Anna akawa anatia netsuke chache chache katika mfuko wa aproni yake na kuzificha ndani ya godoro. Vita vilipokwisha alizirudisha kwa binti wa nyumba ile. Kitukuu wa Emmy, mfinyanzi Edmund de Waal, aliandika habari hizi katika kitabu cha mwaka 2010.

Tulipompigia shangazi, yeye alikipenda kisa hicho kuliko mambo ya bei. Alituambia kwamba mkusanyaji mzuri hutazama kwa vidole. Netsuke ya kweli haina ncha inayochomoza, kwa kuwa ingekwama kwenye nguo. Ina matundu mawili ya kamba, na mara nyingi moja ni pana zaidi ili fundo lijifiche ndani. Upande uliogusa nguo umelainika kuliko ule uliotazama nje. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama nyavu, na plastiki haina mistari hiyo. Netsuke za bandia ni nyingi sokoni.

"Na pembe hiyo, shangazi, ilitoka wapi?" tukamuuliza.

Akasema kwamba katika miaka yote aliyokusanya, amejifunza kuuliza jina la mchongaji. Jina la nchi ya ndovu hakuna muuzaji aliyewahi kumwambia.

Njia inayopita huku

Tulikuwa tumekaa barazani wakati wa simu hiyo, milima ya Matogoro iko mbele yetu. Katika milima hii ndimo unamoanzia mto Ruvuma, unaokwenda zaidi ya kilomita 700 hadi Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya njia yake ndio mpaka wetu na Msumbiji.

Katika karne ya 19 nchi hii ya Wangoni ilikuwa kwenye njia ya misafara kati ya ziwa Nyasa na Kilwa. Pembe zilibebwa mabegani, na mara nyingi watumwa waliteremshwa pwani pamoja nazo. Huko Kikole, si mbali na hapa, alikaa mfanyabiashara Rashid bin Masoud aliyefanya biashara zote mbili. Kutoka Kilwa mali ilivushwa hadi kwetu Unguja, ikapimwa kwa frasila na kutozwa ushuru forodhani. Hatuwezi kuisimulia njia hii kama habari za watu wengine. Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe kuliko yote Afrika Mashariki, na baadhi ya majumba tunayoyapiga picha Mji Mkongwe yalisimama kwa faida hiyo.

Pembe nyingi zilikwenda kwanza Bombay. Sehemu zikaendelea London na China, na sehemu ikabaki India kwa ajili ya maharusi. Huko Gujarat na jirani zake bi harusi alivalishwa bangili za pembe mkononi, na akifiwa na mume zikavunjwa. Kila harusi ilitaka bangili mpya. Tuliposoma hilo tulinyamaza kidogo. Tulizoea kufikiri kwamba pembe ni biashara ya wanaume wenye bunduki, kumbe mkono wa bi harusi ulikuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa.

Na Japani? Katika miaka ambayo nchi ile ilijifungia, pembe ziliingia kwa Wachina na Waholanzi kupitia Nagasaki. Ilipofunguka, sanamu za pembe za kuuzia Wazungu zikaongezeka sana. Katika miaka ya 1970 na 1980 Japani ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa pembe za Afrika, nyingi zikichongwa mihuri ya majina ya kugonga kwenye hati. Hapo ndipo ndovu wa kusini mwa Tanzania walipoumia. Mbuga ya Selous, inayoungana na Niassa ya Msumbiji kwa ushoroba unaopita Namtumbo na Tunduru, ilikuwa na ndovu zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1989 Tanzania iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na ikawa miongoni mwa nchi zilizopigania biashara ya pembe kimataifa isimamishwe. Ikasimamishwa, na ndovu wakaanza kuongezeka. Kisha ujangili ukarudi, safari hii soko kubwa likiwa China, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta takribani 13,000 tu. Wanasayansi waliopima vinasaba vya pembe zilizokamatwa duniani walionyesha mwaka 2015 kwamba nyingi za ndovu wa nyika zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Bibi wa bwana harusi, aliyekulia upande wa Namtumbo, alikuwa akitusikiliza. Huku wanamwita tembo, na sisi wa pwani tulicheka kidogo, maana kwetu tembo ni ulevi wa mnazi. Bibi hakucheka.

"Wanangu, tembo si mgeni mwema shambani," alisema. "Amekula mahindi yangu na nimelia. Lakini mliwahi kumwona aliyekatwa uso? Mimi nimemwona. Nilikwenda kuokota kuni, nikarudi bila kuni."

Sharia, sheria na hidaya

Tuliuliza pia upande wa dini. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, huhesabu mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisharia kuwa najisi, na pembe ya ndovu imo humo. Wa madhehebu ya Hanafi wameiruhusu. Kuna pia suala la sanamu ya kiumbe chenye roho kuwekwa nyumbani kama pambo, na wengi katika wanavyuoni wanalikataza. Haya kila mmoja amuulize shekhe wake. Lakini tangu madrasa tumefundishwa kwamba hata shomoro aliyeuliwa bure ana haki ya kudai mbele ya Mola wake, sembuse ndovu.

Upande wa serikali hauna mjadala. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ya ndovu ni nyara, na kukaa nayo bila kibali ni kosa la jinai lenye kifungo kizito, hata ukisema ni zawadi. Kuivusha mpaka kunahitaji vibali vya kimataifa. Uingereza nayo, tangu Juni 2022, imezuia kununua na kuuza vitu vya pembe hata vya kale, isipokuwa vichache sana. Kama nyumbani una bangili au kipande cha pembe ulichorithi, usikiuze wala usisafiri nacho. Muulize kwanza mwanasheria au ofisi ya wanyamapori.

Basi mdogo wetu alimjibu shangazi yake kwa adabu zote. Alimshukuru, akamweleza habari za Matogoro na maneno ya bibi, akamwomba sungura abaki London. Tuliogopa shangazi angekasirika. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaandika kwamba hatamuuza sungura yule wala hatanunua mwingine wa pembe. Badala yake alimpa bi harusi netsuke ya mti: kokwa moja tu, imepasuka kidogo ubavuni, imelainika kwa mikono ya watu waliokwisha kufa. Haina uso, haina roho, na hakuna ndovu aliyeanguka kwa ajili yake. Tulipoishika hatukuona upungufu wowote. Uzuri wote ulikuwa mkononi mwa fundi.

Mto Ruvuma unaoanzia Matogoro unateremka hadi nchi ya Wamakonde, mafundi ambao mpingo wao umefika makumbusho za dunia. Bi harusi mtarajiwa, ukitaka kitu kidogo cha kuchongwa cha kutia sandukuni, anzia huko. Agiza tasbihi, kitana au kijisanduku cha wanja. Uliza jina la fundi, uliza na mti umekatwa wapi, na ukumbuke majibu. Siku moja mjukuu wako atafungua sanduku na kukuuliza kitu hiki kilitoka wapi. Umjibu bila kuinamisha macho.

Mungu awabariki maharusi wetu wote. Amin.